Binamu, zirudishe zile L

Binamu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeuona mti wa ukoo uliouchora na nimefurahi sana. Jambo moja limeninyima usingizi: kila mahali wazee wetu walipoandikwa kwa L, wewe umeweka R, ili jina lifanane na letu la leo. Nakuomba uzirudishe zile L.

Babu wa babu yetu hakujua kuandika. Alilitamka jina lake, karani akaliandika kama alivyolisikia. Miaka ikapita, karani mwingine akasikia vingine. Ndiyo maana mzee huyo yumo mara mbili katika mti wako, kana kwamba ni watu wawili: mke yuleyule, watoto walewale, herufi tofauti.

Hata waliojua kuandika hawakushika tahajia moja. Saini sita za Shakespeare zimesalia, na hakuna hata moja iliyoandikwa kama tunavyoliandika jina lake leo.

Wala tusimtwishe lawama afisa wa bandarini, kama shangazi anavyopenda kusimulia. Familia nyingi za Marekani husema majina yao yalibadilishwa Ellis Island, kituo kilichopokea wahamiaji kuanzia 1892 hadi 1954. Kumbe maafisa wa pale waliyafuata majina yaliyokwisha kuandikwa katika orodha za abiria huko meli zilikotoka. Mara nyingi wahamiaji wenyewe ndio waliobadilisha baadaye, kwa hiari yao.

Ukirudi kutafuta, tafuta jina kwa jinsi linavyosikika. Mfumo wa Soundex, uliopewa hataza Marekani mwaka 1918, hubakiza herufi ya kwanza ya jina, huacha irabu, na konsonanti zinazofuata huzipa tarakimu, ili majina yanayosikika karibu sawa yakutane. Lakini haukutengenezwa kwa masikio yetu: L huipa 4 na R huipa 6, kwa hiyo matawi yetu mawili hayatakutana humo kamwe. Tafuta mara mbili, kwa L na kwa R.

Kwenye mti, andika kila jina kama lilivyo katika hati yake, pamoja na mwaka. Nakutumia picha mpya ya hati ya ndoa ya babu, niliyoipiga mchana kweupe. Itazame herufi ya tatu. Mimi naona L. Niambie wewe unaona nini.

Ndugu yako akupendaye.