Kabla hajasaini fomu

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo. Kikohozi cha kijana wako kimekwisha na shule zimefunguliwa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikitaja visa tu unaniambia mambo yameshapangwa, na mimi nikisikia hivyo napandisha sauti, basi mazungumzo yanakufa hapo.

Umesema mchumba wako anamalizia kujaza fomu ya I-129F ili uende Marekani kwa visa ya mchumba, ndoa ifungwe huko. Kabla hajasaini nina swali moja. Siku mkikosana, karatasi inayokuruhusu kukaa katika nchi ile itakuwa mkononi mwa nani?

Siulizi kwa sababu namwona mtu mbaya. Alipokuja nilizungumza naye machache, najua hamkupendezwa, lakini nilikuwa namtazama. Anamsikiliza mtu hadi amalize. Mtoto alimzoea siku ile ile. Ila mimi nimekaa masijala mpaka nimestaafu, na mafaili ya ugomvi niliyoyapokea yalikuwa ya watu waliowahi kuaminiana. Kwa hiyo nilimwomba mdogo wako anisomee kurasa za USCIS, idara yao ya uhamiaji, na za wizara yao ya mambo ya nje. Tumesoma jioni nyingi, yeye akisoma na mimi nikiandika kwenye daftari. Haya ninayokuambia si ya vijiweni.

Visa ya mchumba, wanayoiita K-1, inakupa siku 90 tangu unapoingia. Ndani ya siku hizo ufunge ndoa na yule yule aliyekuombea. Siku haziongezwi. Huwezi kuigeuza iwe visa ya masomo wala ya kazi, na ukaaji wa kudumu huwezi kuuomba kupitia mtu mwingine, hata awe nani. Sasa fikiria umeacha kazi, umeaga watu, umefika, halafu siku ya 60 mwenzako anasema tungoje kidogo. Anaweza kuwa na sababu ya haki kabisa. Amefiwa, amepunguzwa kazini, ameingiwa na hofu. Yeye atangoja akiwa kwao. Wewe utangoja huku unahesabu siku, na zikiisha bila ndoa, unatakiwa uondoke.

Haya, tuseme mmefunga ndoa siku ya kumi tu. Bado hujawa mkaaji. Hapo ndipo linaanza ombi jingine, fomu ya I-485, lenye ada yake na kiapo chake cha udhamini, na kiapo hicho anasaini yeye. Akikawia kulipeleka kwa sababu ya pesa au kwa uzembe tu, siku zako 90 zinakwisha na unabaki huna hadhi yoyote kisheria, ingawa pete iko kidoleni. Unaona kwa nini narudia swali langu? Karatasi iko mkononi mwa nani?

Na kazi. Kibali cha kazi kina fomu yake, I-765, na watu hukisubiri kwa miezi. Wewe mtu wa wodi, uliyejisomesha kozi ya pili huku unashika zamu za usiku, utakaa nyumbani kwa mtu unaomba nauli? Sikukulea hivyo na wala hukujilea hivyo. Halafu ukitoka nje ya nchi kabla hujapewa ruhusa ya kusafiri, ombi lako la ukaaji linahesabiwa kuwa umeliacha. Maana yake katika miezi hiyo nikiugua, au likitokea kubwa zaidi, hutoki mpaka ruhusa itoke. Sisemi haya kukutia huruma. Yameandikwa.

Njia ya pili ni hii ninayoitaka mimi. Mfunge ndoa kwanza huku, ndoa iliyosajiliwa serikalini, kisha yeye apeleke ombi la I-130 kama mume. Likikubaliwa, faili linakwenda kwenye kituo chao cha visa, mnapeleka vyeti na kiapo cha udhamini, halafu unapimwa afya na unaitwa kwenye usaili ubalozini. Inaitwa CR-1. Ni ndefu, sikatai. Lakini siku unapoingia Marekani unaingia ukiwa mkaaji wa kudumu. Visa yenyewe ikishagongwa muhuri uwanja wa ndege ni uthibitisho wa ukaaji wako kwa mwaka mmoja, wakati grini kadi ikiwa njiani. Kesho yake unaweza kuajiriwa. Keshokutwa, Mungu apishe mbali, unaweza kupanda ndege kuja msibani na ukarudi.

Kama wakati wa kuingia ndoa haijatimiza miaka 2, kadi ya kwanza ni ya miaka 2, yenye masharti. Sheria hiyo waliiweka mwaka 1986 kwa ajili ya ndoa za uongo. Katika siku 90 za mwisho za kadi hiyo mnapeleka pamoja fomu ya I-751 kuondoa masharti. Nilimwambia mdogo wako, ala, kumbe na huku anahitajika kusaini! Akanisomea zaidi: ndoa ikiwa ilifungwa kwa nia njema lakini ikaishia kwa talaka, au kukiwa na ukatili, mke anaweza kuipeleka peke yake akiwa na ushahidi. Moyo wangu ulitulia kidogo hapo. Ukipitia K-1 hatua hii bado inakungoja vilevile, ila unaifikia baada ya ile ya I-485. Na uraia nao unahesabiwa tangu ulipokuwa mkaaji: miaka 3 ukiwa bado unaishi na mume raia, 5 ukiwa vinginevyo. Kwa visa ya mke hesabu inaanza siku unayokanyaga pale.

Utasema K-1 ni ya haraka. Mara nyingi inamfikisha mtu mapema kidogo, kweli. Lakini unafikishwa mlangoni, sebuleni bado. Na kwa jumla ya ada, njia ya mchumba inatoka ghali zaidi, kwa sababu hilo ombi la I-485 linalipiwa juu ya yote ya awali. Kuhusu kipato chake pia msijidanganye. Kwa visa ya mchumba wanaangalia kama anafikia kiwango chao cha umaskini, asilimia 100, lakini kwenye ukaaji ni asilimia 125 kwa njia zote mbili. Kama sasa hafikii 125, basi mjue leo, mtafute mdhamini mwenza. Tena na yeye aelewe anachosaini: kiapo kile hakifi kwa talaka. Kinamfunga mpaka uwe raia, au uhesabiwe robo mwaka 40 za kazi, au uondoke moja kwa moja, au mmoja wenu afariki. Mweleze hayo, nisije nikaonekana natetea upande wangu tu.

Utasema pia mama anataka harusi. Ndiyo, naitaka. Lakini sikiliza jambo hili, maana linaweza kuwaharibia. Wajomba zako wanasema ifungwe ndoa ya kimila kabla hujaondoka, halafu ya serikali mkafungie huko. Visa ya mchumba ni ya watu ambao hawajaoana. Ofisa akiona picha umekaa kama bibi harusi na wazee wamesimama, anaweza kusema hawa ni mume na mke tayari, na visa akainyima. Hivyo mkiniambia ni K-1, nitawazuia wajomba mimi mwenyewe, hakuna sherehe yoyote inayofanana na ndoa. Mkichagua CR-1, wafanye watakavyo, ila cheti kitakachokwenda ubalozini kiwe cha msajili wa ndoa.

Kuhusu wazo lake la kufunga ndoa kwa video ili asilipe tena tiketi: hapana. Ndoa ambayo bwana na bibi hawakuwa mahali pamoja, kwao haihesabiki mpaka wawe wamekutana kimwili baada ya kuifunga. Lazima apande ndege. Na hata kwa K-1 wanataka muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya ombi, kwa hiyo tiketi zake za safari iliyopita na picha zenye tarehe usizitupe.

Shangazi yako naye ana lake: uombe visa ya matembezi, ukifika mfunge ndoa mbaki. Nimemkatalia mbele ya watu na amenuna. Sheria yao inamhesabu kila anayeomba visa ya matembezi kuwa mhamiaji mpaka aonyeshe kwamba atarudi. Ukimwambia ofisa unakwenda kutembea huku moyoni unahamia, huo ni uongo wa kwenye faili, na unaweza kukufungia mlango maisha yako yote. Kwa hilo sibishani na mtu.

Sasa kijana. Hili hamjalitaja hata mara moja, na mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja. Kwa haki niseme kwamba hapa K-1 ni nyepesi. Mtoto chini ya miaka 21 ambaye hajaoa anapata K-2 kwenye ombi lile lile la mama yake, na anaweza kufuata baadaye ndani ya mwaka mmoja tangu visa yako itolewe. Kwa njia ya mke, ombi lako halimbebi. Mume apeleke I-130 nyingine kwa jina la mtoto, kama mtoto wa kambo, na inafaa iwapo ndoa ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Yeye yuko mbali na umri huo, kwa hiyo inawezekana kabisa, mradi muikumbuke na muilipie. Lakini kwa njia yoyote, jina lake liandikwe kwenye fomu. Mtu asikushauri umfiche ili mambo yawe mepesi. Ukimwacha nje ya karatasi leo, kumwingiza baadaye kutakuwa kujieleza kusikokwisha. Ridhaa ya baba yake pia inaweza kuulizwa, na yule bwana unamjua, anza kumtafuta mapema.

Kama mnafikiria aanze kubaki na mimi, semeni. Nitamlea. Ila nisiambiwe siku ya kufunga mizigo.

Bado moja, na hili lisome ukiwa peke yako. Tangu mwaka 2006 wana sheria inayomtaka anayemwombea mchumba aeleze kama amewahi kutiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani na makosa mengine ya aina hiyo, na ubalozi unatakiwa kukupa kijitabu cha haki zako. Kisome chote. Muulize yeye mwenyewe kabla hujasikia ubalozini. Na kuna sheria ya mwaka 1994 inayomruhusu mke wa raia anayeteswa kujiombea ukaaji mwenyewe bila mume kujua. Angalia neno: mke. Aliyefika kama mchumba na hajaolewa haimsaidii. Siamini utaihitaji. Nimeiandika kwa sababu mkiwa huko sitakuwa na mlango wa kugonga.

Mimi najivunia wewe, hilo hata majirani wamechoka kulisikia. Na wewe unajua nisingekuandikia kurasa zote hizi kama ungekuwa mtu wa kudanganyika. Ni kwamba umechoka kungoja, na mtu aliyechoka kungoja huchukua foleni fupi. Badala ya kukaa bure, mwaka huo wa kusubiri uanze kusomea NCLEX, mtihani wao wa wauguzi, na upeleke vyeti vyako kwa bodi ya uuguzi ya jimbo mtakalokaa. Hiyo nayo ina urasimu wake.

Mambo ya nyumbani: paa la jikoni linavuja tena upande ule wa mwembe, fundi anakuja Jumamosi. Usitume pesa, iliyobaki ya mwezi uliopita inatosha. Mdogo wako anataka kuuza cherehani yangu eti siitumii. Haiuzwi. Kijana anahitaji viatu, mguu umekua tena.

Nilifungua sanduku la vyeti. Cha kwako cha kuzaliwa kipo, lakini jina la baba yako limeandikwa kwa herufi tofauti na lilivyo kwenye pasipoti yako. Njia yoyote mtakayopita, hilo litaulizwa, kwa hiyo nimeshaanza kuulizia hati ya kiapo na masahihisho. Cha kijana kiko sawa. Pasipoti yake ndiyo hana, na fomu inataka saini yako, nakutumia pamoja na barua hii.

Niandikie zamu zako za wiki ijayo nijue siku uliyo huru. Nataka tupige simu tukiwa watatu, na mchumba wako awepo, mdogo wako atatafsiri pale nitakaposhindwa. Mwambie asubiri na ile fomu mpaka siku hiyo.

Ni mimi,
Mama yako