YAH: Malalamiko kuhusu amplifaya ya valvu iliyouzwa kama "iliyokarabatiwa kikamilifu"

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nakala: Idara ya Huduma kwa Wateja

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mnunuzi wa amplifaya ya gitaa aina ya Fender Deluxe Reverb ambayo tangazo lenu liliieleza hivi: ya mwaka 1964, kabla ya CBS (yaani kabla kampuni ya CBS haijaichukua Fender), imekarabatiwa kikamilifu, kapasita zote mpya, spika orijino, salama kwa matumizi. Risiti, namba ya oda, nakala ya tangazo na picha nimeviambatanisha. Barua pepe zangu za awali mlizijibu kwa maneno ya kunituliza tu, kwa hiyo safari hii naandika rasmi, na kila ninachokitaja kimepimwa au kimepigwa picha.

Naanza na lililo zito kuliko yote, maana hilo linaweza kuua mtu. Amplifaya imenifikia na waya wake wa umeme wa enzi hizo, wenye plagi ya miguu miwili, bila ethi. Ndani, kwenye swichi ya nyuma iliyoandikwa "Ground", bado ipo kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme) ya maikrofaradi 0.047 inayounganisha upande mmoja wa umeme wa ukutani na chasisi. Mafundi wa amplifaya wanaiita kapasita ya kifo, na hawatanii. Ikipiga shoti, chasisi nzima inaweza kuwa na umeme. Nyuzi za gitaa nazo zimeungana na chasisi kupitia waya wa gitaa, kwa hiyo mpigaji atakuwa ameushika umeme kwa vidole vyake bila kujua. Akisogeza mdomo kwenye maikrofoni yenye ethi, mwili wake ndio unakuwa njia ya kuupitisha. Dawa yake inajulikana na kila anayegusa vyombo hivi: unafunga waya wa nyaya tatu, ethi unaibana kwenye chasisi kwa boliti yake yenyewe, kapasita ile unaikata na kuitupa. Hakuna kipuri cha ajabu hapo wala kazi ya kukesha. Aliyeandika "salama kwa matumizi" ama hakufungua chombo, ama alifungua akaona akafunga.

La pili ni valvu za nguvu, zile bomba za kioo zinazokuza sauti. Deluxe Reverb ina 6V6GT mbili. Tangu siku ya kwanza nilisikia mkoromo ambao haukupungua hata nikiteremsha sauti yote, na baada ya dakika chache moja ya valvu hizo ilianza kuiva. Sizungumzii ile rangi ya chungwa ya filamenti, ambayo ni ya kawaida. Bati la kijivu lililo ndani ya kioo lilishika doa jekundu ubavuni, likawa linatanuka taratibu. Nilizima hapo hapo na kuwaandikia. Mkanijibu kwamba valvu kupata moto ni jambo la kawaida, kisha mkanitumia jozi nyingine. Niliifunga, na nafasi ileile ikaiva tena.

Niliipeleka kwa fundi wa vyombo vya valvu, na alichofanya kwanza kingeweza kufanywa na yeyote kwenu kabla ya kunitumia valvu mpya: alizibadilishana nafasi. Wekundu haukuhama na valvu, ulibaki kwenye soketi ileile. Maana yake valvu hazina kosa, kosa liko kwenye mzunguko unaozilisha. Alipima akakuta volti 415 kwenye bati za zote mbili, lakini nafasi moja ilikuwa inavuta miliampea 21 na nyingine 38. Kwa hesabu ya kawaida, ya kwanza inabeba wati 8.7, hali nzuri kabisa kwa 6V6GT ambayo kikomo chake ni wati 12. Ya pili inabeba karibu wati 16. Akanyanyua mguu mmoja wa kapasita inayopeleka sauti kwenye gridi ya valvu hiyo (sehemu ya ndani inayodhibiti umeme unaopita), akapima upande uliobaki hewani, na mita ikaonyesha volti za DC mahali ambapo zisingepaswa kuonekana kabisa. Kapasita ya miaka mingi inavuja. Inapitisha umeme chanya kwenye gridi, gridi inapoteza volti hasi zinazoizuia valvu, na valvu inafunguka kupita kiasi. Mngeweza kunitumia jozi ishirini za valvu na zote zingeungua. Na siku moja ingeondoka na transfoma ya kutoa sauti, ambayo ni ya kiwandani na ndiyo kitu ambacho mnunuzi wa chombo cha zamani hataki kukipoteza.

Sasa njooni kwenye "kapasita zote mpya". Kubwa za kuchuja umeme zimefunikwa na sahani ya bati juu ya chasisi. Sahani hiyo mmeing'arisha kweli, inamulika. Skrubu zake lakini zilikuwa na kutu iliyoganda kwenye vichwa, na fundi alilazimika kuzitia mafuta na kusubiri kabla hazijazunguka. Kabla ya kugusa chochote alizimaliza chaji kwa rezista na kuhakikisha kwa mita, kwani kapasita hizo hubaki na volti za kutisha hata plagi ikiwa imechomolewa. Chini ya sahani tulikuta tano, za maikrofaradi 16 na volti 450, zenye maganda yake ya kadibodi. Mbili zimevimba kwenye ncha. Moja imetoa ute wa kahawia uliokauka ukashikana na ubao. Lehemu yake haijaguswa tangu kiwandani. Kapasita za aina hii zina maji ya kemikali ndani na hukauka hata chombo kikikaa kabatini bila kupigwa, ndiyo maana ukarabati wa amplifaya yoyote ya umri huo huanzia hapo. Mkoromo niliousikia ulikuwa wa hizi.

Ndipo nikauelewa ukarabati wenu. Ngozi ya awali ya kasha imebanduliwa, mmebandika mpya. Kitambaa cha mbele ni kipya. Pembe za chuma zimepigwa msasa na kung'arishwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yaani kile ambacho mpenda vyombo vya zamani angetaka kibaki, pamoja na mikwaruzo yake, mmekiondoa. Kile ambacho kila fundi angekitoa siku ya kwanza, mmekiacha. Mimi ningeipokea kwa furaha ikiwa imechakaa nje kama gunia, mradi ndani ifanyiwe kazi.

Kuhusu mwaka. Karatasi ya mpangilio wa valvu iliyobandikwa ndani ya kasha ina mhuri wa herufi OJ. Katika utaratibu wa Fender herufi ya kwanza ni mwaka, A ikianzia 1951, na ya pili ni mwezi, hivyo O ni 1965 na J ni Oktoba. Transfoma ya umeme ina namba zinazoanza na 606-5, yaani imetengenezwa na kampuni ya Schumacher mwaka huohuo. CBS ilichukua Fender Januari 1965. Kwa hiyo hii si ya 1964 na si ya kabla ya CBS, na hilo halihitaji mtaalamu, linahitaji mtu wa kusoma mhuri. Binafsi siamini kwamba sauti ilikufa siku mkataba uliposainiwa. Mzunguko ni uleule wa AB763, namba ya mchoro wa Fender, na zilizotoka miezi hiyo ni nzuri sawasawa. Lakini bei mliyoniuzia ilikuwa ya 1964. Mlijua kwa nini mnaiandika namba hiyo kwenye tangazo, nami nililipa kwa sababu hiyohiyo.

Spika ndiyo inayoniudhi zaidi, maana hapa siwezi hata kusema ni uzembe. Picha ya tangazo inaonyesha mgongo wa spika yenye namba 465-529, ambayo ni ya kampuni ya Oxford, wiki ya 29 ya mwaka 1965. Iliyomo kwenye kasha langu ni spika mpya ya sumaku nzito, haina namba hata moja, na kibandiko chake kimekwanguliwa. Koni haina vumbi. Kati ya kupiga picha na kufunga mzigo, mtu aliitoa. Nataka kujua iko wapi. Wapo watakaoniambia Oxford si spika ya kugombania, na kwa masikio tu huenda wana hoja. Ila niliinunua.

Mwangwi wa springi unafanya kazi vizuri, hilo nalikiri kwa haki.

Barua yenu ya mwisho inadai kwamba waranti imekufa kwa sababu chasisi ilifunguliwa. Sikubaliani, na nina sababu. Niliwaarifu kwa maandishi kabla ya fundi kufungua, nikawaomba mtume wa kwenu au mnielekeze pa kuipeleka, hamkujibu. Tangazo lenu lenyewe linasema fundi yeyote anakaribishwa kukagua. Isitoshe, waranti haiwezi kutumika kuficha kwamba kazi iliyolipiwa haikufanyika. Skrubu zenye kutu zilipigwa picha kabla ya kuguswa, na picha hizo mnazo.

Ninachodai ni hiki. Ama mnaichukua amplifaya kwa gharama zenu na kunirudishia fedha zote pamoja na nauli ya mzigo niliyolipa mimi, ama inabaki kwangu nanyi mnalipa yafuatayo: ankara ya fundi, ambayo ina kapasita zote za kuchuja, ile ya bayasi (umeme hasi wa gridi), za kupitisha sauti, rezista zilizopanda thamani kwa uzee na waya mpya wenye ethi, tofauti ya bei kati ya chombo cha 1964 na cha mwisho wa 1965, na spika ya Oxford yenye namba 465-529 irudi kwangu, ileile, si inayofanana nayo. Valvu mlizonitumia mara ya pili, ikiwemo ile iliyoiva, nitawarudishia mkizitaka.

Jambo moja zaidi halinihusu mimi peke yangu. Hadi leo mnatangaza amplifaya nyingine kadhaa kwa maneno yaleyale, neno kwa neno, na mojawapo picha yake ya nyuma inaonyesha wazi plagi ya miguu miwili. Iondoeni sokoni mpaka ifungwe ethi, na kama imeshauzwa, mwandikieni aliyeinunua leo, kabla hajaichomeka.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Muda huo ukipita kimya, nakala ya barua hii pamoja na vipimo vya fundi nitavipeleka kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji, na malipo nitaiomba benki iyapinge.

Wenu,

Mnunuzi wa amplifaya iliyotajwa
Viambatanisho: risiti, nakala ya tangazo, picha za chasisi kabla na baada ya kufunguliwa, taarifa ya fundi yenye vipimo