Shukrani kwa Uliyemshika Mama Mkono

Ninakushukuru kwa moyo wote wewe ambaye hadi leo silijui jina lako, uliyemshika mama yangu mkono kila Ijumaa ya Kwaresima tulipofanya Njia ya Msalaba, ibada ya kukumbuka mateso ya Yesu, ukamsaidia kupiga goti na kuinuka katika vituo vyote 14, huku mimi nikiimba na wanakwaya. Mama haoni vizuri. Ulimsomea sala taratibu, ukangoja aitikie hadi neno la mwisho ndipo mkaelekea kituo kinachofuata. Tangu Jumatano ya Majivu, mfungo wa Kwaresima ulipoanza, alihofia kwamba angefunga siku zote 40 akiwa peke yake nyumbani, na kwa mzee aliyezoea kusali na wanajumuiya wenzake, hilo ni jambo zito. Mungu akubariki, mama anakuombea katika kila rozari.