Barua kwa Baba: yule farasi niliyemchagua mimi

Lexington, Kentucky
Jumapili usiku

Shikamoo Baba.

Neema, nakuomba umsomee Baba hii barua yote usiruke, soma taratibu, na pale penye majina ya kizungu usihangaike, pita tu. Mama msalimie sana, mwambie hela ya bati nimeituma Ijumaa aangalie kwenye simu.

Baba, siku ile kwenye simu nilikwambia kuna jambo limenikaa kooni, ukaniuliza ni kazi au ni afya, nikasema ni mnyama, ukanyamaza. Nimeona niandike manake kwenye simu nisingemaliza, na wewe umekaa minadani miaka yote ile, utanielewa kuliko mtu yeyote wa huku.

Si unakumbuka nafanya kazi kwa yule mama mzee anayefundisha watoto kupanda farasi. Mwezi wa tatu mmoja wa wale farasi wapole alikufa kwa tumbo, farasi hawezi kutapika Baba, yaani kikishaingia kimeingia, kwa hiyo tumbo likijisokota ndo basi tena, tulikesha naye tunamtembeza mpaka alfajiri akaanguka. Bosi akalia wiki nzima, afu akasema watoto wanahitaji mwingine na hela yenyewe haitoshi kununua kwa mtu binafsi, twende mnadani. Tukafunga trela saa kumi usiku, mwendo wa masaa matatu mpaka jimbo la jirani.

Mnada wenyewe ungeuona ungesema ni kama wa kwetu tu, harufu ile ile, vumbi lile lile, wazee wameegemea vyuma wanakula soseji. Tofauti ni kwamba ndani kuna kizimba cha duara kimemwagwa maranda, juu yake amekaa mnadi na maiki, anaongea haraka utadhani anaimba, farasi anaingia na namba imegundishwa kwenye paja, anazungushwa mara mbili tatu, nyundo inagonga, anatoka, anaingia mwingine. Kama dakika moja hivi. Mnyama wa kuishi nawe miaka kumi unaamua kwa dakika moja.

Wewe ulinifundisha nikiwa mdogo, mnyama usimnunue akiwa amesimama, mwache atembee, mwone akinywa maji, angalia masikio yake yanaelekea wapi mtu akipita nyuma. Basi nikaenda kule nyuma kwenye mazizi mapema kabla mnada haujaanza nikafanya hivyo hivyo. Kulikuwa na jike mmoja wa kahawia ana nyota nyeupe usoni. Amesimama ametulia, mdomo wa chini umelegea, kijana wa muuzaji akapita chini ya tumbo lake akatokea upande wa pili, hakutikisika. Akatembezwa, mguu safi. Nikamwita bosi nikamwambia mama, ni huyu. Baba, mimi ndo nilisema ni huyu, na hilo ndo limenikaa kooni.

Karatasi zao ziliandika miaka 9, amezoea watoto. Kulikuwa na ile karatasi ya kupima damu kwamba hana homa ile ya farasi ya kuambukiza, hiyo ilikuwa ya kweli kabisa na bosi alivyoiona moyo ukatulia, kumbe karatasi ya damu haisemi kitu kuhusu miguu wala miaka wala roho ya mnyama. Akaingia kizimbani, bosi akaanza dola 700, kuna jamaa mmoja ana kofia ya kijani akawa anapandisha, bosi akitaja naye anataja, mpaka ikafika 1,800 jamaa akaacha. Jioni tunapakia, nikamwona yule mwenye kofia ya kijani anafunga turubai kwenye gari la muuzaji, wanacheka. Nilinyamaza. Sikumwambia bosi njia nzima.

Tulipofika nikampa maji. Alikunywa ndoo mbili bila kuinua kichwa Baba, ndoo mbili, nasikia koo linavyopiga gurugudu gurugudu, na hapo ndipo tumbo langu likaanza kunicheza, nikajiuliza huyu alinyimwa maji tangu lini. Baadaye nikaja kuambiwa kuna wanaofanya hivyo makusudi, mnyama mwenye kiu anakuwa mnyonge, na mnyonge anaonekana mpole.

Siku ya tatu asubuhi nafungua banda, nakuta amejibana kwenye kona, jasho limemtoka shingoni kote na baridi ile, macho meupe. Nilivyoinua mkono kumshika akarusha teke ubao ukapasuka. Nikakaa chini kwenye majani, nikakaa kama saa nzima namuimbia zile nyimbo za kukamulia za Bibi, mpaka akaja. Kumtoa nje sasa, akikanyaga mguu wa mbele wa kulia kichwa kinaruka juu, akikanyaga wa kushoto kinashuka, juu, chini, juu, chini. Wewe ungeshajua kutoka mbali. Mguu ule ulikuwa unauma hivyo hivyo siku ya mnada, ila siku ile ulikuwa umenyamazishwa.

Daktari wa mifugo akaja, mama mmoja mtaratibu sana. Akamfungua mdomo akaniita nione, akasema njoo ujifunze. Kwenye meno ya chini ya mbele farasi kijana ana vishimo vyeusi, akizeeka vinasagika vinaisha. Huyu wetu vishimo anavyo, vizuri kabisa, ila daktari akaninyooshea kidole, kishimo cha asili kinazungukwa na pete ngumu nyeupe, hivi vya huyu havina pete, vimetobolewa kwa mashine na kutiwa rangi. Afu akainua mdomo wa juu, lile jino la pembeni lina mfereji unaanzia kwenye fizi ukianza kuonekana farasi ana kama miaka 10, unateremka pole pole, ukifika chini kabisa ana kama 20. Wanauita mfereji wa Galvayne. Wa kwetu ulikuwa umebakiza kama unene wa ukucha kufika chini. Walichonga ya chini wakaacha ya juu yaseme ukweli.

Damu ikapelekwa maabara ikarudi na dawa ya maumivu, phenylbutazone, huku wanaiita bute tu. Ya kumlegeza haikuonekana, daktari akasema hiyo hutoka mapema, lakini ule mdomo uliolegea nilioelezea akasema ndo dalili yake. Afu akaanza kunihadithia vya kwao, Baba nilisikia vibaya mpaka nikamwomba apumzike kidogo. Kuna wanaoweka tangawizi mbichi sehemu ya haja ya farasi mzee ili ainue mkia atembee kama kijana, inaunguza. Kuna wanaopaka rangi mvi za usoni. Zamani walikuwa wanapuliza hewa kwenye yale mabonde juu ya macho ya mzee yajae, na mwenye kifua kibovu anasukumiwa sponji ndani ya pua asikike anapumua vizuri. Mwingine anapigwa sindano ya ganzi mguuni au mshipa wa fahamu unakatwa kabisa, asisikie kitu, anakanyagia kidonda hata mfupa ukivunjika.

Nimelifikiria hili usiku mwingi. Kila ulichonifundisha Baba ni namna ya kumsikiliza mnyama, yeye hana mdomo ila anasema kwa mguu, kwa sikio, kwa jasho. Sasa wale watu hawakudanganya kwa maneno peke yake, walimziba mnyama mwenyewe asiseme. Sindano ile ile iliyomwibia bosi wangu dola 1,800 ilimfanya yule jike azungushwe kizimbani juu ya mguu mbovu, na mimi namwangalia nasema mguu safi.

Bosi akapiga simu kule mnadani, wakamjibu umenunua ulivyomkuta, risiti imeandika hivyo, na ukitaka kurudisha ulitakiwa useme siku ile ile kabla ya jua kuzama. Namba ya muuzaji haipatikani mpaka leo. Sasa siku ile ile dawa si bado imo mwilini? Utajuaje? Na wakati huo huo hapa Lexington kuna minada ya farasi wa mbio, wale wa mamilioni, kuna chumba kizima cha picha za eksirei za miguu, daktari wako anaenda anakagua kabla hujataja bei. Kwa hiyo wanajua kabisa inavyotakiwa kufanywa. Ni kwa farasi wa bei ndogo na watu wa hela ndogo ndo hawafanyi.

Kuna kitu kingine sikukwambia kwenye simu. Pale pembeni ya kizimba walikaa wanaume wawili watatu hawaangalii miguu wala meno, wanaangalia unene. Wananunua kwa ajili ya nyama. Marekani machinjio ya farasi ya mwisho yalifungwa 2007, mawili Texas na moja Illinois, sheria za majimbo ziliwabana na Bunge likakata hela za wakaguzi, watu wakashangilia. Lakini mnyama mwenyewe hakupona, malori yakazidi kuwapeleka Mexico na Canada. Sheria inaruhusu mpaka masaa 28 barabarani bila maji, bila chakula, bila kushuka. Masaa 28 Baba, ni kama basi litoke kwetu liende Dar lirudi liende tena, umesimama, umebanwa na usiowajua, na wenye wivu wanakung'ata. Na ile bute haitakiwi kabisa kwa mnyama wa kuliwa, sasa farasi aliyedungwa ili auzike akikosa mtu anaishia kwenye nyama ya watu, Ulaya walisimamisha nyama ya farasi kutoka Mexico Desemba 2014 kwa sababu hakuna anayeweza kusema huyu alipewa dawa gani na lini.

Na hata huruma wameifanya biashara. Mwaka juzi kabla hata ya hili niliona kwenye Facebook picha ya farasi mweusi, wanasema lori linaondoka Ijumaa saa sita, changeni apone. Nikatuma dola 40. Nikafurahi, wakasema amepona. Wiki sita baadaye naiona picha ile ile, kamba ile ile ya buluu, Ijumaa nyingine, bei imepanda. Sijui kama yule farasi alipona au la, na wapo watu wa kweli wanaokoa kweli kweli, nawafahamu, hawa ndo wanaowaharibia.

Nikuhadithie moja nzuri usijesema huku kote ni giza. Mwaka 1956 jamaa mmoja mwalimu wa kupanda, Harry de Leyer, mhamiaji kutoka Uholanzi, alichelewa kufika mnada wa New Holland kule Pennsylvania, akakuta wamebaki wale waliopakiwa kwenye lori la machinjio. Mmoja mweupe wa kulima, mchafu, akamwangalia tu pale kwenye lori. Akamshusha kwa dola 80. Akamuuza kwa jirani, farasi akawa anaruka uzio anarudi kwa de Leyer, akajua kumbe huyu anaruka. Miaka miwili baadaye farasi huyo, jina lake Snowman, alikuwa bingwa wa kuruka viunzi Madison Square Garden, New York. Huwa nawaza kwenye lile lori walikuwepo wengine.

Nimesoma pia habari za punda wa huko. Neema aliniambia umefurahi uliposikia Umoja wa Afrika Februari 2024 umezuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Nilikumbuka kipindi kile machinjio ya Dodoma na Shinyanga yanafanya kazi, ulivyokuwa unalala na yule punda wetu karibu na mlango.

Sasa kuhusu huyu jike. Jirani mmoja, mtu mzuri tu wa kanisani, alimwambia bosi mpe bute siku mbili umrudishe mnada mwingine, utapata hata nusu ya hela yako, kila mtu anafanya. Bosi akaniangalia mimi. Nikamwambia mama, nikatwe kwenye mshahara dola 100 kila mwezi mpaka iishe ila hilo mi siwezi kumshikia kamba. Akasema mshahara haukatwi, na farasi haendi popote. Watoto wadogo hawatampanda, watajifunzia kumpiga brashi na kumuosha kwato. Dawa ya maumivu anapewa, kidogo, ya kumsaidia, na imeandikwa kwenye ubao mlangoni kila mtu aione pamoja na umri wake na mguu wake. Watoto wamemwita Nyota.

Jana jioni nilikuwa natoka kwenda nyumbani, nikasikia kitu nyuma, nageuka namwona ananifuata mpaka getini, kichwa juu, chini, juu, chini, taratibu. Akaweka pua kwenye mfuko wangu wa koti.

Baba nina swali. Yule punda wetu alipovimba goti mwaka ule wa mvua nyingi ulikuwa unamkanda na kitu ulichokipasha moto kwenye gunia, ilikuwa chumvi au mchanga? Nimemuuliza daktari amesema kukanda kwa joto haina ubaya ila nimwambie ni nini kwanza. Mwambie Neema akurekodi voisi unieleze mwenyewe, na useme ni mara ngapi kwa siku.

Ni mimi mwanao.