Mbeya tuombe pichi ya mazoezi, uwanja mkubwa wa nini?

Ndugu Mhariri,

Tangu Tanzania, Kenya na Uganda zipewe AFCON ya 2027, vijiwe vya Mwanjelwa hapa Mbeya haviishi manung'uniko. Arusha inajengewa uwanja, Dar es Salaam ina wa Mkapa, Zanzibar ina Amaan, sisi tumeachwa. Mimi nimefundisha michezo shuleni hadi nikastaafu, na kijiweni kwetu nimebaki peke yangu: nashukuru tumeachwa.

Manaus, mji wa Brazili ulio katikati ya msitu wa Amazon, ulijengewa uwanja wa watu zaidi ya 40,000 kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014. Zikachezwa mechi nne tu. Jimbo lile halikuwa na timu Ligi Kuu, kwa hiyo wageni walipoondoka wenyeji wakabaki na bili za umeme na nyasi za kukata. Montreal ndiyo usiseme. Olimpiki ilikuwa 1976, deni la uwanja likaisha 2006. Aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 30 deni bado linalipwa.

Kijana mmoja akanitolea mfano wa uwanja wa Kasarani, Nairobi, uliojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987 na Agosti 2025 ukachezewa fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Sawa, lakini Nairobi ni Nairobi. Sisi uwanja wetu wa Sokoine tunaujaza Simba au Yanga ikija. Tuliujaza pia msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipopanda daraja na kumaliza ya tatu. Siku nyingine ukipiga mluzi jukwaani unaitikiwa na mwangwi.

Kinachoniuma ni kuwa hatuombi tunachoweza kupata. AFCON ina timu 24, na timu huhitaji kambi kabla ya mashindano. Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari. Mbeya nayo iko hapo hapo. Timu ya pwani ya Afrika Magharibi ikitua Nairobi bila kuizoea hewa nyepesi ya mwinuko ule, dakika ya 60 wachezaji wameshika viuno. Kocha mjanja atatafuta milima mapema. Huku Juni na Julai hakuna mvua, baridi ipo ya kutosha, na ndege zinatua Songwe. Iringa nao, na uwanja wao wa Samora, wana hoja hiyo hiyo.

Tunachokosa ni pichi. Majukwaa waachieni wengine. Nataka nyasi zilizosawazishwa, mifereji ya kutoa maji ya mvua za Machi, vyumba vya kubadilishia nguo vyenye maji ya moto, na uzio. (Msicheke kuhusu uzio. Nimewahi kusimamisha fainali ya shule kwa sababu ya ndama.) Wageni wakishaondoka, watoto wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, wanahamia siku ya pili yake, na gharama ya kuitunza halmashauri inaimudu.

Ila kwanza halmashauri zetu zikague viwanja vya mitaa: kipi kina hati, kipi kimeanza kumegwa na vibanda. Uyole ninacho kimoja cha kuwaonyesha. Waje asubuhi, maana jioni watoto huwa wamejaa, hata pa kufunulia futi ya kupimia hapapatikani.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya