Viriba 127

Mafinga, 14 Juni

Ndugu yangu,

Kamwene! Baridi ya huku imeshaingia, ukungu unakaa kitaluni mpaka saa tatu asubuhi, lakini wote wazima.

Uliniuliza nakeshaje na namba moja tu, ndefu. Jana nilikuwa napanga viriba vya miche ya mipaini, 127. Nikapanga saba saba, kikabaki kimoja. Tisa tisa, kikabaki kimoja. Havipangiki, maana 127 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Imejengwa hivi: zidisha mbili saba zenyewe kwa zenyewe, toa moja. Ninayokesha nayo ni ya ukoo huohuo, ila mbili zake ni 31. Ni 2,147,483,647.

Aliyethibitisha kuwa ni tasa ni mwanahisabati Leonhard Euler, akamwandikia mwenzake Daniel Bernoulli mwaka 1772. Euler alikuwa St. Petersburg, Urusi, macho yamekwisha karibu kabisa. Hapo ndipo ninapovua kofia. Kwa njia tuliyofundishwa, ungeigawa kwa kila namba tasa hadi kufika kipeuo chake cha pili, 46,340 na ushei. Hizo ni zaidi ya 4,700! Yeye aliangalia kwanza namba imejengwaje. Chukua ndogo: mbili 11, toa moja, ni 2,047, yaani 23 mara 89. Sasa gawa 23 kwa 22, ambayo ni 11 mara mbili: baki 1. Gawa 89 kwa 22: baki 1 tena. Haijatokea kwa bahati. Kipeo, yaani idadi ya mbili zinazozidishwa, kikiwa namba tasa isiyo 2, kila kigawo tasa cha namba hiyo ukikigawa kwa kipeo mara mbili lazima kibakize 1, na ukikigawa kwa 8 kibakize 1 au 7. Kwa 31, masharti hayo mawili ukiyaunganisha, kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Kisichobakiza hivyo, achana nacho. Kazi ikashuka hadi migawanyo isiyozidi 372.

Nami nimeanza kuirudia kwa mkono, kando ya jiko la mkaa. Namba tasa ya kwanza kupita kwenye chujio hilo ni 311; nikaigawa ile namba kubwa kwayo: baki 35. Inayofuata ni 1,303: baki 226. Simu ingemaliza mara moja, najua. Nataka kuona kwa macho yangu kila baki ikikataa kuwa sifuri.

Jina la "tasa" ndilo linaniuma kidogo, kwa sababu namba yangu hii kubwa imezaa. Izidishe kwa mbili 30 zilizozidishwa, unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu: vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ileile, kama 28 inavyorudishwa na 1, 2, 4, 7 na 14.

Ukija likizo mwezi wa nane nitakuwa sijamaliza. Tutagawana kurasa, wewe uanzie mwisho. Njoo na koti zito, na daftari la hesabu la kurasa 200, langu linaelekea kujaa.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako wa kitaluni