Filamu kuahirishwa si dalili ya kuharibika

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa burudani hoja kwamba filamu ya gharama kubwa ikisogezwa mbele tarehe yake ya kutoka, basi imekwisha kuwashinda wenyewe. Naomba nafasi kidogo niipinge.

Titanic ilimaliza kupigwa picha Machi 1997 na ilipangwa kuingia kumbini tarehe 2 Julai mwaka huohuo, lakini Wamarekani hawakuiona hadi tarehe 19 Desemba. Gharama zilikuwa zimefikia takriban dola milioni 200, na magazeti ya huko yaliiandika kama vile yanaandaa tanzia. Mwongozaji wake, James Cameron, alibandika wembe kwenye mashine ya kuhariria pamoja na maandishi kwamba utumike tu iwapo filamu itakuwa mbovu.

Miezi hiyo haikupotea bure. Lilikuwamo pambano refu katika ukumbi wa chakula uliokwisha kuingia maji, mtumishi wa tajiri akiwasaka Jack na Rose, wapenzi wawili wa filamu hiyo, kwa ajili ya kito. Watazamaji walioonyeshwa nakala ya majaribio hawakuamini kwamba mtu angehangaikia mali huku meli inazama, na Cameron, licha ya fedha zote zilizoteketea hapo, akalikata. Wakati huohuo meli iliyotengenezwa kwa picha za kompyuta ilikuwa ikikamilishwa na muziki ukitungwa. Hata matangazo yalikwenda kinyume cha mazoea, kwa kuwa wenye kumbi waliokutana Las Vegas walionyeshwa trela ya zaidi ya dakika nne, wakati trela ya kawaida haifiki hata dakika tatu. Filamu ilipozoa tuzo 11 za Oscar mwaka 1998, sita kati yake zilikuwa za uhariri, sauti, uhariri wa sauti, athari za picha, muziki na wimbo, yaani kazi ambazo kwa sehemu kubwa hufanyika kamera zikiwa zimekwisha kufungwa masandukuni.

Kwa hiyo ningewaomba waandishi wenu, kabla ya kumcheka mtayarishaji aliyeahirisha, wamuulize kwanza ni kazi gani iliyobaki.

Nasema haya kwa sababu ninaishi kwa kuchanganya sauti. Niliwahi kuletewa filamu ya hapa nchini siku tisa kabla ya uzinduzi, na katika tukio lake kuu bibi harusi anakula kiapo cha ndoa huku jenereta inaunguruma nyuma ya ukuta wa kanisa. Niliomba wiki mbili ili mwigizaji aje studio arudie maneno yake. Mtayarishaji hakubishana nami. Alinitolea simu akanionyesha picha za mabango yaliyokwisha kubandikwa mjini, tarehe ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu. Siku ya uzinduzi nilikaa safu ya nyuma, na kiapo kilipofika, ukumbi mzima uliangua kicheko.

Mchanganya sauti,
Dar es Salaam